Kanisa halikuja kumzika baba yangu. Je, bado nalihitaji?

*"Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimebatizwa na kupata kipaimara katika kanisa letu. Baba yangu alipata kiharusi, akalala kitandani miaka mitatu. Alipofariki, mzee wa kanisa alifungua daftari akakuta hajatoa ahadi yake ya fedha tangu alipoanza kuugua, na kwenye jumuiya hakuwa akionekana. Mchungaji hakuja. Baba mdogo alisoma Zaburi ya 23, tukaimba, tukafukia. Tangu siku hiyo sijakanyaga kanisani, huu ni mwaka wa pili. Nasali nyumbani na wanangu, nasikiliza mahubiri kwenye simu, na sadaka yangu naituma kwa simu kwenye kituo cha yatima. Nina amani kuliko zamani. Mama analia, anasema nimeasi. Naomba uniambie ukweli: kanisa ni nini hasa, na lina kazi gani kwa mtu ambaye tayari anamwamini Yesu?"*

Marahaba, binti yangu. Pole kwa msiba, na pole kwa hilo lililofuata, maana naona limekuuma kuliko msiba wenyewe.

Nianze na baba yako kabla ya kanisa. Ibada ya maziko haimfikishi mtu kwa Mungu. Sisi Walutheri tunaifanya kwa ajili ya walio hai, ili wasikie habari ya ufufuo wakiwa wamesimama kando ya udongo uliochimbwa. Baba yako alikabidhiwa kwa Kristo siku ya ubatizo wake, na hakuna daftari linaloweza kumtoa huko. Zaburi aliyoisoma baba yako mdogo ni ile ile ambayo mchungaji angeisoma. Amezikwa Kikristo. Waliokosewa pale makaburini ni ninyi, kwa sababu ndugu zenu hawakuja.

Nimesema "ndugu zenu" makusudi, maana jibu la swali lako limo humo.

Neno kanisa tumelipokea kutoka kwa Waarabu, nao walilipata kwa watu wa Shamu waliosema Kiaramu, na mzizi wake ni kukusanya. Bunge la Israeli leo linaitwa Knesset kwa mzizi huo huo. Neno la Kigiriki lililomo katika Agano Jipya, ekklesia, halikuzaliwa kanisani hata kidogo. Lilikuwa neno la mjini: wananchi wanaitwa watoke majumbani mwao wakakutane kuamua mambo yao. Luka analitumia hivyo katika Matendo 19, anaposimulia ghasia za Efeso. Wayahudi walipotafsiri Maandiko kwa Kigiriki walilichukua neno hilo kutaja Israeli waliokusanyika mbele za Mungu. Kwa hiyo, ukilichimba neno hili kwa lugha yoyote kati ya hizo, hukuti jengo, wala ofisi, wala akaunti ya benki. Unakuta watu waliofika mahali pamoja kwa sababu wameitwa.

Ndiyo maana siogopi unaposema unasali nyumbani. Wakristo wa kwanza walisali nyumbani. Paulo anamwandikia Filemoni akilisalimu "kanisa lililo katika nyumba yako". Katika miaka ya 1930 wachimbaji wa mambo ya kale walifukua nyumba moja huko Dura-Europos, mji wa kando ya mto Frati uliotekwa na kuharibiwa karibu mwaka 256. Kwa nje ilikuwa nyumba kama za majirani. Ndani, Wakristo walikuwa wamebomoa ukuta kati ya vyumba viwili ili watu waenee, na katika chumba kingine kidogo walijenga kisima cha ubatizo. Ukutani juu ya kisima hicho walimchora mchungaji amebeba kondoo mabegani. Nilipoona picha ya mchoro huo kwa mara ya kwanza nilikaa nao muda mrefu. Ni Zaburi yenu ile ile ya "Bwana ndiye mchungaji wangu", imechorwa na watu ambao hawakuwa na hata mnara wa kengele.

Lakini hebu uangalie ule ukuta. Waliubomoa kwa sababu watu wengine walikuwa wanakuja. Mlango wako wewe, kwa ulivyonieleza, umefungwa kwa ndani. Nakuelewa kabisa kwa nini umeufunga, ila hapo ndipo nitakapobishana nawe kidogo.

Twende Korintho kwanza. Sura ya 11 ya Waraka wa Kwanza wa Paulo kwa Wakorintho tunaisoma kila Chakula cha Bwana, lakini tunaanzia mstari wa 23, na tunayaruka matusi yaliyotangulia. Wakristo wa Korintho walikuwa wanakutana jioni kula pamoja, na ndani ya mlo huo waliumega mkate wa Bwana. Wenye nafasi waliwahi kufika na vyakula vyao. Watumwa na vibarua walifika wakiwa wamechoka, wakakuta sufuria zimekauka. Paulo anasema huyu ana njaa na huyu amelewa, kisha anauliza: "Je! Hamna nyumba za kulia na kunywea? Au mnalidharau kanisa la Mungu, na kuwatahayarisha hao wasio na kitu?"

Soma tena hayo maneno ya mwisho. Kwa Paulo, kumtahayarisha mtu asiye na kitu na kulidharau kanisa la Mungu ni kosa moja. Waliofungua daftari mbele ya wafiwa walidhani wanalilinda kanisa. Kwa kipimo cha mtume, walilidharau. Nalisema hili mimi niliyevaa joho kwa zaidi ya miaka 30, na silisemi kwa furaha.

Na dawa aliyoitoa Paulo ni fupi ajabu: "Kwa hiyo, ndugu zangu, mkutanikapo mpate kula, mngojeane." Hakuwaambia maskini wakatafute meza yao wenyewe mahali pengine, ingawa walikuwa na kila sababu. Hakuivunja meza. Aliwaambia waliowahi wawangoje waliochelewa. Mimi nimefundisha somo la kanisa katika chuo cha theolojia miaka mingi, na ukinibana nikupe maana ya kanisa kwa neno moja, ningechukua hilo: ni watu wanaongojeana mbele ya meza ya Bwana. Baba yako alichelewa kwa sababu miguu haikumbeba. Hawakumngoja. Hilo ndilo kosa lenyewe.

Umetaja jumuiya. Jumuiya hizi zina historia nzuri ambayo watu wameisahau. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 walikubaliana kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa maisha ya kanisa katika nchi hizi, na sisi Walutheri tunazo za kwetu. Lengo lilikuwa kwamba katika nyumba kumi au kumi na tano pasiwe na mtu anayeugua bila kujulikana. Yakobo ameandika wazi: "Mtu wa kwenu amekuwa hawezi? Na awaite wazee wa kanisa, nao wamwombee." Hiyo ndiyo kazi ya mzee wa kanisa kwa mgonjwa. Kwa hiyo kusema kwamba mtu mwenye kiharusi "hakuonekana kwenye jumuiya" ni kuligeuza jambo miguu juu kichwa chini. Jumuiya ndiyo iliyotakiwa ionekane kitandani kwake, kwa miaka mitatu.

Kuhusu ahadi na michango, sitaki kukudanganya. Kanisa linahitaji fedha. Mwinjilisti anakula, bati linavuja, watoto wa Jumapili wanahitaji vitabu. Paulo mwenyewe alichangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, akaweka na kanuni: "si kwa huzuni, wala si kwa lazima." Lakini iko kumbukumbu moja ya Kiafrika ambayo ningependa kila mtunza hazina wa usharika aijue. Tertullian, Mkristo wa Carthage, mji uliokuwa karibu na Tunis ya leo, aliandika utetezi wa Wakristo karibu mwaka 197. Anaeleza kwamba wana sanduku la fedha, na kwamba kila mtu huweka kidogo mara moja kwa mwezi, akitaka, na kama anaweza, halazimishwi mtu. Halafu anataja matumizi: kuwalisha maskini na kuwazika, kuwatunza yatima, watumwa wazee, walioharibikiwa na vyombo baharini, na waliofungwa kwa ajili ya imani. Umeona? Kuwazika maskini kumo katika bajeti ya kwanza ya kanisa la Afrika tunayoweza kuisoma. Sadaka ilitoka kwa wanaoweza ili asiyeweza azikwe. Wenzetu waliigeuza: asiyeweza kutoa hazikwi.

Hata hivyo nimeona na upande mwingine. Nikiwa kijana, kwenye usharika mmoja wa milimani, baada ya ibada tulitoka nje kwenye mnada wa sadaka kama ilivyo desturi yetu. Palikuwa na mikungu ya ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, maboga, debe la mahindi. Bibi mmoja mjane alileta yai. Moja, limefungwa kwenye kona ya khanga. Mnadishaji aliliinua juu kama vile ameshika ng'ombe. Mtu wa kwanza akalinunua, akalirudisha linadiwe tena. Wa pili vivyo hivyo. Lile yai liliuzwa mara nne, likavuka bei ya jogoo, na wa mwisho akalichukua kwa mikono miwili akamrudishia bibi akampikie mjukuu. Bibi alicheka mpaka akaketi chini kwenye majani. Hakuna aliyekuwa amesoma Tertullian pale.

Watu wale hawakuwa bora kuliko wa usharika wenu. Naamini wengi wao wangeweza kufungua lile daftari kama wangekaa kwenye kiti cha yule mzee. Na hili linanirudisha Carthage, maana swali lako la ndani zaidi, hata kama hukulitamka, ni hili: ninawezaje kukaa meza moja na watu wa namna hiyo?

Mwaka 303 Kaisari Diocletian wa Roma aliamuru Maandiko ya Wakristo yachomwe, nyumba zao za ibada zibomolewe, na mikutano yao ipigwe marufuku. Mwaka uliofuata watu wapatao 49 wa Abitinae, mji mdogo katika Tunisia ya leo, walikamatwa wakiwa wamekutana Jumapili nyumbani mwa mtu. Wakapelekwa Carthage kwa liwali. Mmoja wao, Emeritus, aliulizwa kwa nini aliwaruhusu wale watu waingie kwake. Akajibu kwamba ni ndugu zake, asingeweza kuwakataza. Liwali akasema ulipaswa kuwakataza. Akajibu: bila kukutana kwa ajili ya Bwana hatuwezi. Hatuwezi kuishi, maana yake. Waliteswa kwa ajili ya jambo ambalo mimi na wewe tunaweza kuliacha kwa sababu ya mvua. Wangeweza kusali kila mtu chumbani kwake na hakuna askari angejua. Walijua Mungu yupo chumbani. Walikwenda kwa sababu ya ndugu zao na kwa sababu ya mkate.

Sasa sikia kilichofuata. Mateso yalipopita, kanisa la Afrika Kaskazini liligawanyika. Baadhi ya viongozi walikuwa wamesalimisha vitabu vitakatifu kwa askari, na waumini wengi walisema: hao hatukai nao tena, kanisa ni la watakatifu. Wakajitenga wakawa na maaskofu wao, wakaitwa Wadonatisti, na hao ndio walioienzi sana habari ya mashahidi wa Abitinae. Hasira yao ilikuwa na haki ndani yake. Lakini mgawanyiko ule ulidumu zaidi ya miaka 100. Mwaka 411 walikutana tena Carthage, maaskofu zaidi ya 500 wa pande zote mbili, wakibishana nani ndiye kanisa. Augustino, askofu wa Hippo, alishika mfano wa Bwana wa ngano na magugu: msing'oe sasa, "viacheni vyote vikue hata wakati wa mavuno." Utakatifu wa kanisa, alisema, ni wa Kristo aliye kichwa chake, na mbatizaji akiwa mwovu ubatizo hauharibiki, kwa kuwa anayebatiza ni Kristo. Sikubaliani na kila alilolifanya Augustino katika mgogoro ule. Mwishowe aliunga mkono serikali iwashurutishe wale wenzake, na hilo lilikuwa baya. Ila katika hili la ngano na magugu naona alisema kweli. Ukitafuta kanisa lisilo na mzee mwenye daftari, utapungua, utapungua, mpaka ubaki peke yako sebuleni, na hata hapo gugu moja utakuwa umeingia nalo.

Basi lina kazi gani? Mababa zetu wa Matengenezo, Walutheri wa kwanza, katika Ungamo la Augsburg, tamko lao la imani la mwaka 1530, walisema kanisa ni kusanyiko la watakatifu ambamo Injili inafundishwa kwa usafi na sakramenti zinatolewa sawasawa. Ndugu zetu Wakatoliki wangeongeza askofu aliye katika mfululizo wa mitume, na Wapentekoste wangetaka kusikia habari ya karama za Roho. Tuyaache hayo kwa leo. Angalia tu mambo mawili ya Ungamo letu: yote yanahitaji mtu wa pili. Hujajibatiza, kuna mikono iliyokumwagia maji. Hujipi mkate ukijiambia "umetolewa kwa ajili yako". Na usiku ule dhamiri inapokulaumu, neno "umesamehewa" ukijiambia mwenyewe halina uzito, kwa sababu anayelisema ndiye anayeshitakiwa. Linatakiwa litoke kinywani mwa mwingine. Kwa kazi hiyo kwanza, Mungu ameweka kanisa.

Mahubiri ya simu ni msaada. Baba yako angekuwa nayo kitandani yangemfaa sana. Lakini simu haijui kama umelia. Haimtambui mwanao kwamba wiki hii amepungua. Unaweza kuizima mhubiri akigusa usipopenda, na yeye hawezi kubisha hodi.

Kuna kazi nyingine inayotuhusu sana sisi watu wa huku. Mwaka 1875, kando ya Mombasa, wamisionari wa Kiingereza walianzisha Freretown, makazi ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Kengele yao iko mpaka leo pale panapoitwa Kengeleni. Iligongwa kuwaonya watu kila wafanyabiashara ya watumwa walipokaribia. Fikiria wakazi wake: wa makabila yasiyojuana, wameng'olewa utotoni, hawana mjomba wala shangazi. Kwetu sisi mtu asiye na ukoo ni kama hayupo. Nani atamwoza, nani atamzika? Kwa watu wale kanisa ndilo lililokuwa ukoo. Sinodi ya Maaskofu Wakatoliki kwa ajili ya Afrika ya mwaka 1994 ilipotafuta picha ya kulieleza kanisa kwa Waafrika, ilichagua familia ya Mungu, na naona ilichagua vema. Petro anasema tumefanywa taifa moja "mpate kuzitangaza fadhili zake yeye aliyewaita mtoke gizani." Ulimwengu utaziona vipi fadhili hizo, kama si kwa kuwaona watu wasio wa damu moja wakizikana?

Wanao wako katika umri wa kuwahitaji mashangazi na wajomba wa namna hiyo. Wewe utawafundisha kusali, na vizuri sana. Huwezi kuwa wewe peke yako mama yao, mchungaji wao, mwalimu wao wa kipaimara, na watu wote watakaowaimbia siku ya kuoa.

Sasa la kufanya. Katika Injili zote nne, Bwana Yesu analitaja kanisa mahali pawili tu. Pa kwanza ni pale anaposema atalijenga juu ya mwamba, Mathayo 16. Pa pili ni Mathayo 18, na habari yenyewe ni ya mtu aliyekosewa na ndugu yake: "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu." Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Asiposikia tena, "liambie kanisa." Alijua tangu mwanzo kwamba tutaumizana humu ndani, akaacha na utaratibu. Umeruka hatua zote, mwanangu. Sikulaumu, ulikuwa na msiba. Lakini yule mchungaji hajawahi kusikia kutoka kinywani mwako ulichoniandikia mimi. Nenda na mama yako, siku ya kazi, ofisini, mkamweleze kwa utulivu na bila kupunguza. Akiwapuuza, mwende kwa mkuu wa jimbo, na kwa askofu ikibidi. Kama baada ya yote hayo roho yako haiwezi kupiga magoti pale, hamia usharika mwingine na uombe barua ya uhamisho. Kuhama meza si kuacha kula, na mama yako hatakuwa na haki ya kukuita mwasi.

Sadaka yako ya yatima usiikate. Tertullian angeihesabu.

Na kaburi la baba halijawekewa msalaba, nadhani, kama ni mwaka wa pili. Mtakapopanga siku hiyo, mwalikeni mchungaji aje kuomba, na mpeleke taarifa ya siku na saa kwenye jumuiya nzima, pamoja na yule mzee mwenye daftari. Pikeni chai ya kuwatosha. Na mzee huyo akichelewa, msianze.